Siku Mwiko wa Mzingo Ulipobadilishwa

Mimi ni fundi pampu. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue nilikwenda Mzingo na macho ya namna gani. Miaka ishirini na sita nimekaa peke yangu katika kibanda cha pampu za maji cha mji wetu, nikisikiliza mota, na kwa sababu hiyo nikiona maji yanakwenda mahali huwa nina swali moja tu: nani anayasukuma? Kuhusu safari yenyewe, jinsi nilivyofika na jinsi nilivyotoka, sina la kusema. Ilikuwa safari mbaya na sitaki kuikumbuka.

Nchi yote ya Mzingo ni maji. Hayana kina, humfika mtu mzima kifuani. Lakini ni mazito kama uji uliopoa, tena matamu kidogo, na ndiyo chakula cha wananchi. Kila mtu ana kikombe cha kifuu alichokifunga shingoni. Anachota, anakunywa, anapata nguvu, na miguu yake inasukuma. Hawaachi kusukuma. Wanasukuma wakiongea, wakinywa, hata wakisinzia. Na uzito wa maji yale ni wa ajabu: ukiacha kusukuma, na asikusukume mwingine, unasimama papo hapo, huserereki hata shubiri moja. Nilijaribu mara nyingi, maana sikuamini.

Wako wengi mno, bega kwa bega, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Mtu akisukuma, maji yake humsukuma jirani. Jirani huona ni nafuu kuelekea anakoelekea mwenzake kuliko kubishana naye. Wawili wanakuwa kumi, kumi wanakuwa mia, na punde watu mia tano wanazunguka pamoja katika mzunguko wenye upana wa hatua mia hivi, hakuna aliyeuanzisha na hakuna awezaye kutoka. Kisha mzunguko huo unagongana na mwingine, unapasuka, na kila mtu anajikuta kwenye mzunguko mpya pamoja na watu asiowajua. Kwa siku hutokea mara mbili, mara tatu. Siku ikiwa tulivu, mara moja.

Salamu yao ni "Unapelekwa wapi?" na jibu ni "Napelekwa tu." Nilipomjibu wa kwanza kwamba naelekea mashariki, alicheka mpaka akapaliwa.

Sheria zao zimefuata maji. Ndoa hudumu kadiri mzunguko unavyodumu; ukipasuka, mume na mke wametenganishwa na maji, na hakuna wa kulaumiwa. Majina hawaulizani. Aliye begani mwako huitwa jirani wa sasa, na ni utovu wa adabu kumwambia "tutaonana." Kusimama ni kosa. Ukichomeka miguu matopeni unashtakiwa kwa kuzuia taifa, ingawa kwa kweli adhabu haina haja, maana mmoja akichomeka miguu maji ya wenzake humng'oa mara moja. Kumfunga mtu mzima kwa kitambaa ili asitengane nawe ni kosa kubwa zaidi. Askari wapo, ila nao wanapelekwa. Mimi nilikamatwa mara tatu, na mara zote tatu maji yalimchukua askari kabla hajamaliza kunisomea kosa langu.

Wiki ya kwanza yote nilitafuta pampu. Nilikuwa na hakika ipo. Katika kazi yangu nguvu hutoka juu ikishuka: mota inasukuma maji mengi kwa mpigo mmoja, yanaingia kwenye bomba kubwa, yanavurugika, vurugu kubwa inazaa ndogo, ndogo inazaa ndogo zaidi, mpaka mwisho nguvu yote imekuwa joto kidogo kwenye ukuta wa bomba, na mama wa mwisho wa mtaa anapata matone. Mzingo ni kinyume. Nguvu huanzia kwenye kikombe cha mtu mmoja, inaingia miguuni, inatoka kwenda kwa jirani, inakusanyika ikipanda, mpaka inakuwa kitu kikubwa kinachombeba yule yule aliyeitoa. Pampu haikuwepo. Au tuseme zilikuwa mamilioni, na kila moja ilikuwa inanionea huruma kwa kuuliza swali la kijinga.

Kwa maana wao wanajua nani anawasukuma. Katikati ya nchi kuna jukwaa la miti, na juu yake hukaa Mkorogaji Mkuu. Wakati wangu alikuwa Mheshimiwa Mwinshehe, mtu mnene, mpole, mwenye mikono iliyoota sugu. Kazi yake ni kushika mwiko mrefu kama mnazi, uliotumbukizwa majini, na kuukoroga tangu alfajiri hadi magharibi kwa msaada wa watu sita. Wananchi wanaamini kwamba mwendo wote wa nchi unatoka kwenye mwiko ule. Siasa yao yote ni hiyo. Chama kimoja kinataka ukorogwe kwa kulia, kingine kwa kushoto, na nimesikia watu wakitukanana matusi ya nguoni juu ya jambo hilo huku wote wawili wakizungushwa upande mmoja.

Nilikuwa mpweke. Nimezoea upweke, ndiyo maisha yangu, lakini ule wa kibandani una mlango. Huu wa Mzingo ulikuwa wa kuguswa na watu mchana kutwa, pumzi zao shingoni mwako, na kila unayeanza kumzoea sauti anachukuliwa na maji kabla hujajua kama ana watoto. Nilianza kuzungumza na kikombe changu.

Siku ya nane bega langu la kushoto lilipata mzee mmoja mkavu, mwenye ndevu chache na macho ya kuhangaika. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Alikuwa anaangalia mbali, juu ya vichwa vya watu.

"Mgeni," alisema, "huko ulikotoka, hukumwona mwanamke mwenye kikombe chekundu?"

"Sikumwona, mzee. Ni nani wako?"

"Mke wangu. Anaitwa Shuwena."

Mbali na la Mkorogaji Mkuu, lilikuwa jina la kwanza kulisikia katika nchi ile. Nilimuuliza walitengana lini.

"Mwaka huu unatimia wa thelathini na moja."

"Na mlikaa pamoja muda gani?"

"Siku tisa," alisema. "Mzunguko wetu ulidumu sana. Watu walitustaajabia."

Nilicheka. Sijivunii, lakini nilicheka, na yeye alisubiri nimalize kama mtu aliyezoea. Kisha akanieleza kwamba jina lake ni Makungu, na kwamba tangu siku ile amemwona Shuwena mara nne, akipita kwenye mzunguko mwingine, mara moja kwa karibu kiasi cha kuona ufa wa kikombe. Kila mara alisukuma kumfuata kwa nguvu zake zote, na kila mara maji yalizidi kuchafuka yakampeleka mbali zaidi. Hamu yake ilikuwa moja. Alitaka amfikie, amshike mkono, amuulize jambo moja.

"Jambo gani?"

"Hilo ni letu, fundi."

Jioni ile mzunguko ulianza kutetemeka kama unavyofanya kabla ya kupasuka. Sijui nini kilinipata. Nilivua shuka langu, nikafunga ncha moja kiunoni mwake na nyingine kiunoni mwangu. Alilia kidogo, akakumbuka kwamba ni kosa, akaangalia huku na huko, kisha akakaza fundo.

Makungu alikuwa ameandika maombi kwa Mkorogaji kila mwaka, akiomba mwiko ukorogwe mara moja zaidi kuelekea alipo mkewe. Kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake linafanyiwa kazi. Mimi nikasema twende wenyewe. Ilituchukua siku kumi na moja kufika jukwaani, kwa sababu hatukuwa tunakwenda, tulikuwa tunasubiri mzunguko unaopita karibu. Ulipopita tukadaka nguzo tukapanda.

Baraza lilikuwa kikaoni, likijadili kama mwiko upakwe mafuta. Karani wa baraza, Bi Mwanahija, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitangaza kwamba kuna mgeni mwenye hoja. Nilisimama nikasema ya moyoni. Nilisema, waheshimiwa, mwiko huu hausogezi hata mtu mmoja. Nguvu inatoka kwenye miguu ya watu, inapanda, inajikusanya. Kama hamwamini, inueni mwiko kidogo tuone.

Mjumbe wa chama cha kushoto aliruka. "Mwiko ukiinuliwa taifa litasimama! Huyu katumwa!"

"Katumwa na nani?" mwenzake wa chama cha kulia alimjibu. "Nyinyi ndio mliomleta!"

Mheshimiwa Mwinshehe aliinua mkono, wakanyamaza. Aliniangalia kwa upole, akawaamuru wale sita wainue mwiko, wakauinua ukiwa unachuruzika. Sote tuliinama kutazama. Chini yetu watu walizunguka vile vile.

"Unaona, mgeni?" alisema, na niliona kwamba amefurahi kweli. "Nilivyokoroga jana! Bado inaendelea."

"Mheshimiwa, maji haya hayana jana. Acha kusukuma, unasimama papo hapo. Mtoto wa nchi hii anajua."

"Mtoto anajua ya mtoto," alisema. "Mwiko una yake." Wakaurudisha, na baraza likaendelea na suala la mafuta.

Bi Mwanahija alinifuata pembeni ya jukwaa. Aliongea taratibu, akijifanya anapanga makaratasi.

"Baba, usijichoshe. Tunajua."

"Mnajua? Basi kwa nini hamwambii watu?"

"Nikuulize wewe. Huyu mzee wako amepotelewa na mke. Leo anamlaumu Mheshimiwa, anaandika barua, analala. Nikimwambia ni miguu yake na ya majirani zake ndiyo iliyomchukua mkewe, atamlaumu nani? Ataandika barua kwa nani?"

Akatazama nyuma yake, akaniambia jambo ambalo laiti asingeniambia. Mwiko umeoza, alisema. Utabadilishwa baada ya siku tatu. Na ipo sheria ya zamani, haijatumika tangu yeye azaliwe, kwamba mwiko unapobadilishwa wananchi wote wachomeke miguu matopeni kwa muda wa saa nzima, mpaka mpya utumbukizwe.

"Ili iweje?"

"Ili wasione maji yanakwenda bila mwiko," alisema Bi Mwanahija. "Waliotunga sheria hawakuwa wajinga."

Nilihisi moyo unapiga kama pampu iliyoingia hewa. Saa nzima watu wote wamesimama! Maji mazito kama yale, wote wakisimama, yatatulia mara moja. Hakutakuwa na mzunguko. Mtu mmoja akitembea peke yake katika maji yaliyotulia atakwenda anakotaka, mbele moja kwa moja, kama mtu anayevuka sebule yake. Nilimwendea Makungu nikamweleza. Ilibidi nimweleze mara mbili, maana alikuwa hajawahi kuwazia kwenda mahali.

"Utasimama kama wengine," nilimwambia. "Utamtafuta kwa macho tu. Ukimwona, unatoka peke yako, polepole, usitibue. Wengine wote watakuwa wametulia. Umenielewa?"

"Na wewe?"

"Mimi nitasimama. Mtu mmoja tu ndiye anayetembea. Ndiyo siri yenyewe."

Mpiga mbiu alitangaza siku tatu mfululizo. Siku yenyewe ilikuwa na jua kali. Tulikuwa tumerudi majini, mimi na Makungu, shuka letu kiunoni. Ngoma ya jukwaani ililia mara moja, na watu wa Mzingo, ambao hawajawahi kusimama tangu walipofundishwa kusukuma, wakachomeka miguu matopeni.

Sijapata kuona kitu kama kile. Maji yalilala. Hayakupunguza mwendo, yalilala tu, pale pale, kutoka upande hadi upande wa nchi. Kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia watu wakipumua. Vichwa maelfu kwa maelfu vilisimama mahali pamoja, kila uso ukabaki ulipo, na kwa mara ya kwanza uliweza kumtazama mtu wa mbali ukamwona mpaka ukatosheka.

Makungu alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. "Kikombe," alisema.

Alikuwa hatua hamsini hivi mbele yetu, kidogo kuelekea kushoto. Mwanamke mzee, nywele nyeupe zimefungwa leso, kikombe chekundu shingoni. Alikuwa anageuza kichwa polepole, akipitia nyuso moja moja. Kisha uso wake ukafika kwetu, ukasimama.

"Nenda," nilimnong'oneza. "Polepole."

Aling'oa mguu wa kwanza. Akang'oa wa pili. Alisogea hatua tatu, nne, shuka likakazika kati yetu nikalifungua. Maji yalimpisha. Alikuwa anakwenda moja kwa moja, na nilikuwa karibu kupiga kelele kwa furaha, ndipo niliposikia mtu nyuma yangu akisema, "Mama?"

Sikuwa nimefikiri. Fundi mzima, na hesabu zangu zote, sikuwa nimefikiri. Nilidhani katika nchi ile ni Makungu peke yake aliyepotelewa na mtu. Kumbe kila mmoja alikuwa amesimama akitazama mbali, akipitia nyuso, na kila mmoja kwa wakati ule alikuwa anamwona wake. Msichana wa kulia kwangu aling'oa miguu. Askari wa mbele aling'oa miguu. Mahali pengi kwa pamoja sauti ziliita majina, majina ambayo sheria ilisema hawaulizani, na miguu yote ya Mzingo ikaanza kusukuma, si kwa mazoea kama siku zote, bali kwa nguvu yote waliyokuwa nayo.

Nilipiga kelele. "Simameni! Mmoja mmoja! Tafadhalini!" Maji yalikuwa tayari yanainuka. Mbele yangu Makungu alikuwa anayumba, anasombwa kuelekea kulia, na Shuwena naye ameng'oa miguu, mkono ameunyoosha mbele, anasukuma kuja kwake kwa hasira ya mwanamke wa miaka ishirini. Walikuwa wamebakiza hatua thelathini. Mimi niliyewaambia watu wasimame nilijirusha mbele, nikaweka mabega yangu mgongoni mwa Makungu, nikasukuma. Nilisukuma kuliko nilivyowahi kusukuma kitu chochote maishani mwangu. Kila nilichokijua kuhusu maji kilikuwa kimenitoka.

Hatua kumi. Nane. Niliona ufa kwenye kikombe. Kisha mzunguko mkubwa kuliko wote, ambao wazee baadaye walisema haujapata kutokea, ukaingia kati yetu kutoka kushoto, ukamchukua Shuwena upande mmoja na Makungu upande mwingine, na mimi ukanitupa nyuma chali. Nilipoinua kichwa sikumwona hata mmoja kati yao.

Taarifa rasmi ilisomwa siku ya pili. Ilisema maafa yamethibitisha bila shaka yoyote kwamba taifa haliwezi kukaa bila mwiko hata saa moja, na kwamba utachongwa mwingine, mkubwa mara mbili. Vyama vyote viwili viliunga mkono. Mheshimiwa Mwinshehe, nasikia, alilia machozi akiomba radhi kwa kuwaacha wananchi peke yao muda mrefu hivyo. Naamini alilia kwa dhati.

Mimi nilipelekwa huku na huku kwa siku nne bila kuzungumza na mtu. Sikukinywea kikombe changu sawasawa. Nilikuwa najisomea mashtaka: kwamba mimi ndiye niliyempa matumaini, kwamba niliijua kanuni na nikaivunja, kwamba mabega yangu yaliongeza kitu kwenye mzunguko ule. Hayakuongeza sana, lakini hapana aliyeongeza sana.

Siku ya tano nilimwona Makungu akija kwenye mzunguko uliokuwa unapita ubavuni mwa wetu. Tulikuwa na dakika chache tu za kwenda sambamba. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno.

"Mzee Makungu, nisamehe. Nilikusukuma. Nilisema nitasimama na nikasukuma."

Alinikatisha. "Fundi, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anasukuma kuja kwako," nilisema. "Na ndilo lililoharibu zaidi. Yeye akija huku, wewe ukienda kule, maji katikati yalichafuka. Angetulia alipo ungemfikia. Ilibaki kidogo sana."

Makungu alinitazama, na macho yake hayakuwa yanahangaika tena. Nilishangaa kuona hivyo. Alikuwa mzee aliyechoka tu, kama wazee wa kwetu.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "sikujua kama naye ananitafuta. Ndilo nililotaka kumuuliza." Mizunguko yetu ilianza kuachana, akalazimika kupaza sauti. "Wewe ungetaka atulie?"

Nilifungua mdomo nimjibu kama fundi, na jibu la kifundi lilikuwepo, sahihi kabisa. Halikutoka. Watu waliingia kati yetu, kumi, hamsini, na kichwa chake kikawa kidogo. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote kwamba hapana, nisingetaka. Sijui kama alinisikia. Alikuwa amekwisha kugeuka upande alikopelekwa Shuwena, na alikuwa anasukuma.